Ruzuku za Ulaya: anayechelewa kudai hulipa riba mwenyewe

Wafuatiliaji wa soko la fedha za kigeni jijini Dar es Salaam wamezoea kuhesabu korosho, kahawa, tumbaku, dhahabu na watalii kila wanapotaka kujua dola na euro zinaingia nchini kutoka wapi. Lipo kundi jingine ambalo halitajwi sana katika taarifa za soko. Ni taasisi za utafiti, vyuo vikuu, asasi zisizo za kiserikali na kampuni ndogo za ushauri zinazofanya kazi kwa ruzuku kutoka nje. Kundi hili halisafirishi gunia hata moja. Linachouza ni kazi, na hati yake ya mauzo ni dai la matumizi linalojazwa na kutumwa kwa kompyuta.

Tatizo ni kwamba ndani ya taasisi nyingi dai hilo huhesabiwa kuwa kazi ya ukarani. Huachiwa mtafiti mwenye mradi, ambaye hulijaza usiku wa mwisho huku mhasibu akitafutwa kwa simu. Mfanyabiashara wa korosho aliyepeleka mzigo hawezi kulala bila kutuma ankara. Mkurugenzi wa taasisi yenye ruzuku hulala, tena usingizi mzito, wakati ankara yake ya mamia ya mamilioni ya shilingi iko kwenye mfumo ikisubiri saini.

Mfano mkubwa ni mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe, ulioanza mwaka 2021 ukiwa na bajeti ya euro bilioni 95.5 kwa kipindi cha hadi 2027. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake zinaruhusiwa kupewa fedha hizo moja kwa moja. Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni majina yaliyozoeleka katika miradi ya utafiti wa tiba inayolipiwa na Ulaya, na tangu mwaka 2021 eneo hilo la afya limewekewa chombo chake, Global Health EDCTP3, ambacho nacho hutumia mfumo huo huo wa mtandao wa Tume ya Ulaya.

Fedha za mpango huu hazigawiwi kama mchele wa msaada. Mwanzoni mradi hupewa malipo ya awali, na kutoka humo Brussels hukata asilimia 5 hadi 8 ya ruzuku yote na kuiweka katika mfuko wa bima wa pamoja hadi mradi uishe. Baada ya hapo kila mshirika hutumia kwanza, kisha hudai. Kwa kawaida malipo ya awali na ya kati hayaruhusiwi kupita asilimia 90 ya ruzuku, na kilichobaki huja mwishoni kabisa. Mshirika ambaye malipo ya awali yamekwisha anaendesha mradi kwa mtaji wake au kwa ovadrafti ya benki. Kwa lugha ya soko, anaikopesha Brussels.

Mkopo huo una kalenda yake. Kipindi cha taarifa aghalabu ni miezi 18. Kipindi kikiisha, mfumo hufunguliwa na mradi una siku 60 za kuwasilisha taarifa ya kazi pamoja na taarifa za fedha. Kila mshirika hujaza ya kwake: mishahara, safari, vifaa, huduma zilizonunuliwa, kazi zilizopewa wakandarasi. Juu ya gharama za moja kwa moja, ukiondoa za wakandarasi na chache nyingine, mfumo wenyewe huongeza asilimia 25 kwa ajili ya umeme, ofisi, ulinzi na uendeshaji kwa jumla. Mtia saini wa fedha aliyesajiliwa huweka saini ya kielektroniki, dai huenda kwa mratibu wa mradi, na mratibu hutuma madai yote kwa pamoja. Tume ina siku 90 za kulipa tangu ilipopokea. Ikiomba maelezo zaidi inaweza kusimamisha saa hiyo hadi iyapate.

Kifungu kinachosahauliwa zaidi ni hiki: mshirika mmoja akichelewa, mratibu halazimiki kuwaweka wengine rehani. Anaweza kutuma bila yeye. Matumizi ya aliyechelewa huhesabiwa kuwa sifuri kwa kipindi hicho, na ataruhusiwa kuyadai katika kipindi kinachofuata. Hakunyang'anywa kitu, na ndiyo maana wengi hawashtuki. Wangeshtuka wangepiga hesabu.

Chukulia taasisi yenye gharama za moja kwa moja za shilingi milioni 240 zilizovuka malipo ya awali. Asilimia 25 juu yake ni milioni 60, na dai lote ni milioni 300. Riba za mikopo ya mabenki nchini katika miaka ya karibuni zimekuwa karibu na asilimia 15 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho milioni 300 hugharimu shilingi 3,750,000 kila mwezi zinapokaa nje. Taasisi hii ikikosa dirisha la siku 60 na kusubiri kipindi kingine cha miezi 18, gharama yake ni shilingi milioni 67.5. Fungu lote la uendeshaji, zile milioni 60, limeliwa na riba, na taasisi imetoa milioni 7.5 zaidi mfukoni. Riba hiyo haidaiki popote, kwani masharti ya ruzuku yanaitaja wazi kuwa gharama isiyokubalika.

Halafu ipo bei ya fedha yenyewe, ambayo kwa wasomaji wa ukurasa wa soko ndiyo habari kubwa zaidi. Taasisi inayotunza vitabu vyake kwa shilingi hairuhusiwi kuchagua kiwango cha kubadilishia. Kwa sarafu ambazo Benki Kuu ya Ulaya huzitangazia bei kila siku, kama randi ya Afrika Kusini, hutumika wastani wa bei hizo kwa kipindi chote cha taarifa. Shilingi ya Tanzania haimo katika orodha hiyo, na ya Kenya pia haimo. Kwa sarafu kama hizo hutumika wastani wa viwango vya kila mwezi ambavyo Tume huchapisha kwenye tovuti yake. Mhasibu anayetumia kiwango cha benki yake cha siku ambayo fedha ziliingia anafanya kosa, hata kama hesabu yake ni safi, na mkaguzi atalirekebisha kwa gharama ya taasisi.

Kwa hiyo shilingi zinageuzwa euro kwa wastani wa miezi 18 iliyopita, lakini euro zinageuzwa shilingi kwa bei ya siku zinapotua, miezi mitano au zaidi baada ya kipindi kufungwa. Mwaka 2024 ulionyesha pengo hilo linaweza kuwa na ukubwa gani. Katika robo ya tatu na mwanzo wa ya nne dola moja ilifikia kuuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,700, kisha shilingi ikapata nguvu ghafla na kufunga Desemba ikiwa karibu na 2,400. Katika miezi hiyo hiyo euro nayo ilishuka mbele ya dola. Waagizaji wa bidhaa walishangilia. Mwenye dai la euro aliumia mara mbili.

Kwa namba za mfano tu: milioni 300 zikigeuzwa kwa wastani wa shilingi 2,800 kwa euro ni euro 107,143. Zikilipwa siku ambayo euro ni shilingi 2,500, taasisi inapata shilingi milioni 267.9. Milioni 32 zimeyeyuka na hakuna aliyeziiba. Hasara hiyo nayo, kama riba, haidaiki. Ni kweli kwamba soko likigeuka upande wa pili taasisi itapata ziada, lakini mishahara ya watafiti hailipwi kwa bahati nasibu.

Mabenki yanaweza kusaidia kidogo. Euro za malipo ya awali zinaweza kukaa katika akaunti ya fedha za kigeni na kubadilishwa kadiri matumizi yanavyokuja, hasa kwa kuwa tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni zimekataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, na mzabuni wa Morogoro au Mwanza lazima alipwe shilingi. Mkataba wa kuuza euro za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo pia unapatikana. Lakini mkataba wa namna hiyo unataka tarehe, na dai ambalo saa yake inaweza kusimamishwa wakati wowote halina tarehe. Kadiri dai linavyotumwa mapema na likiwa safi, ndivyo benki inavyoweza kulizungumzia kama mali.

Usafi wa dai huanzia mbali na kompyuta. Mfumo hauombi risiti moja moja. Unataka jumla na maelezo, na nyaraka hubaki kwa taasisi kwa miaka mitano baada ya malipo ya mwisho. Hapo ndipo risiti za mashine za EFD zinapoleta kilio, kwani huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia kabla mkaguzi hajanunua tiketi ya ndege. Nakala ya risiti inayopigwa siku ile ile ni kazi ya dakika moja, na ni ajabu kwamba bado kuna ofisi zinazohifadhi karatasi nyeupe zilizobanwa kwa pini.

Mishahara ina mtego mkubwa kuliko risiti. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya imeeleza mwaka baada ya mwaka kuwa gharama za watumishi ndizo chanzo kikuu cha makosa katika ruzuku za utafiti. Masharti yanataka tamko la siku zilizofanyiwa kazi, lililosainiwa na mtumishi na msimamizi wake angalau kila mwezi, na malipo ya siku hukokotolewa kwa msingi wa siku 215 kwa mwaka. Ofisi inayojaza matamko ya miezi 18 kwa mkupuo, kwa kalamu ya rangi moja, inajitafutia balaa.

Kisha saini. Akaunti ya kuingilia kwenye mfumo ni ya mtu binafsi, na mwakilishi wa taasisi anayeteua watia saini hulazimika kuthibitishwa na Brussels kwa nyaraka. Mtia saini akistaafu au akihamia shirika jingine bila kukabidhi, siku 60 zinaweza kwisha wakati barua za kumbadilisha bado zinatembea. Taasisi yenye dai la milioni 300 na mtia saini mmoja tu imeweka ghala lake chini ya funguo moja na kumpa mtu anayesafiri kila wiki.

Hata hivyo si haki kuwatupia wahasibu wa Afrika mzigo wote. Tume ikichelewa kulipa kupita siku 90, masharti yanaitoza riba ya asilimia 3.5 juu ya riba ya Benki Kuu ya Ulaya. Mratibu wa Ulaya akipokea fedha, anatakiwa tu kuzigawa bila kuchelewa pasipo sababu, maneno ambayo kila mtu huyapima kwa mizani yake. Taasisi zinazosaini mikataba ya ushirikiano zingeweza kudai idadi ya siku iandikwe, kumi au kumi na tano, na riba ikipita. Ni jambo la kujadiliana kabla ya kusaini, wakati mratibu bado anahitaji mshirika wa Afrika kwenye ombi lake, kwani baada ya hapo nguvu hiyo imekwisha. Suala la hasara ya fedha za kigeni ni gumu zaidi. Mshirika wa Ujerumani hana hasara hiyo, wa Tanzania anayo, na wote wawili wanafuata fungu moja la mkataba.

Njia ambayo Tume imekuwa ikiipanua tangu majaribio ya mwaka 2018 ni malipo ya mkupuo, ambapo mradi hukubaliana bei ya kila fungu la kazi na hulipwa kazi ikikamilika, bila kutaja mishahara wala risiti. Wengi wameipokea kwa furaha, na kweli itapunguza usiku wa kukesha. Lakini bei ya mkupuo huandikwa kwa euro siku ya kusaini na haibadiliki miaka minne au mitano. Hata ule wastani wa miezi 18 haupo tena. Mshirika anayepanga gharama zake kwa shilingi anatakiwa kuamua, kabla ya kazi kuanza, euro itakuwa na bei gani mwaka wa nne, na fungu la kazi likibaki nusu kwa sababu ya mshirika mwingine, malipo ya wote waliomo katika fungu hilo husubiri.