Mtoto wa Simba ni Simba? Hoja Yangu Dhidi ya Filamu ya Mufasa

Wiki iliyopita niliteremka treni ya SGR katika kituo cha Ngerengere, nikaenda kuwasalimia watoto wa dada yangu. Usiku tulitazama kwenye kompyuta yangu filamu ya Mufasa: The Lion King, iliyotoka Desemba 2024. Jina la Taka lilipotajwa kwa mara ya kwanza, watoto waliangua kicheko. Kisha yule mdogo akauliza: "Mjomba, mama yake ndiye aliyempa jina hilo?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Wapo watakaoniambia kwamba hiyo ni katuni, nirudi kwenye bajeti na katiba. Nawajibu kwamba katuni hii ni katiba ya aina yake. Tangu The Lion King ya 1994, simba hawa wamewafundisha watoto wa dunia nzima nani anastahili kutawala, tena kwa majina ya lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Toleo la 2019 liliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na hili la Mufasa zaidi ya milioni 700. Somo la uraia huisha kengele ikilia. Simba hawa humfuata mtoto hadi nyumbani, wakiwa wamechorwa kwenye begi na kwenye fulana yake.

Nianze kwa kuitendea haki. Mwongozaji wake, Barry Jenkins, ameleta wazo ambalo filamu zilizotangulia hazikuthubutu kuligusa: Mufasa hakuzaliwa katika ufalme. Ni mtoto aliyesombwa na mafuriko, akaokolewa na Taka, mwana wa mfalme Obasi. Obasi anaamini damu, hivyo anamkataa mgeni na kumwacha alelewe na majike. Kwa malkia Eshe na wenzake Mufasa anajifunza kunusa, kuwinda na kusikiliza. Taka anabaki na madume, akifundishwa kwamba hila ni nyenzo ya mfalme. Adui anapomvamia Eshe, mwanawe wa kumzaa anakimbia, na yule wa kuokota ndiye anayesimama. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sijaona filamu ya watoto iliyolithibitisha neno hilo vizuri kuliko hii. Mwendo wa mapigano ni mzuri, maji na theluji vinakaribia kugusika. Udhaifu wa sura nauacha upite: simba wanaofanana mno na simba wa kweli hawawezi kuonyesha majonzi usoni, na nyimbo zinapoanza mdomo na sauti ni kama havijuani.

Kosa ninalolishtaki ni kubwa zaidi. Filamu hii inajenga hoja kwa mkono mmoja na kuibomoa kwa mkono mwingine.

Kwanza, jina. Taka si jina la 2024. Lilikuwamo katika hadithi za watoto zilizochapishwa 1994. Ama waandishi walijua maana yake, basi wamemhukumu mtoto tangu utotoni. Ama hawakujua, basi wameokota neno letu bila kutuuliza. Atakayejitetea kwa kitenzi "kutaka" aje Ngerengere asikie kicheko nilichokisikia mimi. Huwezi kutuambia kwamba mwovu hutengenezwa na malezi, kisha ukambandika mwovu huyo jina la uchafu angali mtoto. Hapo umeuacha mlango wazi kwa methali nyingine: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Pili, kiti. Mufasa anashinda kwa kuwaunganisha wanyama wa Milele, akatawazwa kwa matendo yake. Vema. Lakini baada yake ni Simba, na hadithi yote anasimuliwa Kiara, binti wa Simba. Aliyepanda bila ukoo ameanzisha ukoo, na ngazi imevutwa juu. Hata porini mambo hayako hivyo. Watafiti wa Serengeti wametuonyesha kwamba majike hubaki na mama na dada zao, ilhali dume akikua huondoka kwenda kutafuta maisha, mara nyingine akiwa na mwenzake asiye ndugu, kama Mufasa na Taka. Dume harithi jabali la baba yake. Simba wa Mikumi, si mbali na hapa, wangeicheka filamu hii kuliko wapwa zangu.

Tatu, majike. Waliomfanya Mufasa kuwa Mufasa wanatoweka baada ya kazi kwisha. Sisi wa Uluguru, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, hatuwezi kulipita hilo kimya. Sisemi kwamba ukoo wa mama ni demokrasia; nao ni damu. Nasema kwamba anayelea anastahili kauli katika baraza, na filamu imempa kazi ikamnyima kauli.

Kwa nini haya yatukere? Kwa sababu Tanganyika ilifuta mamlaka ya kiutawala ya machifu mwaka 1963, ikiamua kwamba ofisi ya umma haitarithiwa. Leo jina la mtoto wa mkubwa likisomwa kwenye orodha ya walioteuliwa, tunatabasamu na kusema: mtoto wa simba ni simba. Mwanafunzi wangu mwenye shahada nzuri anasubiri barua ya usaili, huku mwenzake akiingia kwa kimemo. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anajua ninachokisema, na pengine kimemo chenyewe kiko mezani kwake. Methali tunayoitumia kama sifa imekuwa sera.

Tuwaache watoto waitazame filamu hii, lakini tusiwaache peke yao nayo. Na kwa kuwa Ubongo, kutoka Dar es Salaam, wamethibitisha kwa katuni zao kwamba tunaweza kusimulia wenyewe, tudai hadithi ambamo aliyepanda kwa matendo anawaachia wengine ngazi.

Asubuhi nilimjibu mpwa wangu: "Hapana, si mama yake. Mama hamwiti mwanawe taka. Jina hilo alipewa na waliokwisha kuamua atakuwa nani." Akafikiri kidogo, akasema: "Basi walimwonea." Naam, walimwonea. Na si yeye peke yake.