Picha Ikipotea, Usipande Juu ya Bati

Juma hili twaanza na habari ya jirani yetu mmoja wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, ambaye jina lake twalisitiri. Jioni moja ya mwezi wa Novemba aliketi pamoja na watoto wake kutazama mchezo wa mpira. Mvua kubwa ikaja kutoka upande wa Sake, picha ikaanza kukatikakatika, kisha ikazimika kabisa. Baba yule hakungoja. Alisimamisha ngazi ukutani, akapanda juu ya bati lililolowa, akaishika sahani na kuigeuza kidogo. Mara mguu ukateleza. Alivunjika paja, akakaa miezi mitatu bila kazi, na fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya minervali ya watoto ikaishia katika matibabu.

Linalotuuma zaidi ni hili: sahani ile haikuwa na kosa lo lote. Kama angaliiacha, picha ingalirudi yenyewe mvua ilipokwisha. Lakini kwa kuwa alikwisha kuisogeza kabla ya kuanguka, picha haikurudi, ikabidi kumwita fundi na kumlipa tena.

Tangu siku ile watu wengi wametuuliza: Televisheni huipataje picha? Ni chombo gani kifaacho kununuliwa, na kiwekwe wapi? Twajibu kwa kirefu kidogo, maana asiyejua kwa nini picha hupotea ndiye apandaye juu ya bati usiku.

Kwanza yafaa kutofautisha vyombo viwili. Kipo kile cha vijiti vya chuma kifananacho na mifupa ya samaki, nacho huitwa antena. Tena ipo sahani, ambayo wengi hapa kwetu huiita parabola. Watu huvichanganya, na kumbe kazi zao ni mbalimbali.

Antena hupokea mawimbi yatokayo katika mnara uliosimama hapa duniani. Mawimbi hayo husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga wa taa, na kilima kikiwa katikati huyazuia. Kwa hiyo antena yapenda kuwekwa juu, na yapaswa kuelekezwa kwenye mnara wenyewe. Vijiti vyake vilale au visimame kwa jinsi mnara unavyotoa mawimbi yake. Ukitazama antena za jirani wanaopata picha safi utajifunza upesi. Antena iliyowekwa ndani ya nyumba, chini ya bati, haiwezi kufanya kazi vema, maana bati ni chuma, na chuma huyarudisha mawimbi.

Mwenye televisheni ya zamani na ajue jambo jingine. Mwaka 2006, huko Geneva, mataifa ya Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia yalipatana kuiacha njia ya kale ya kurusha picha na kushika njia ya dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho kwa sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuizima mitambo ya kale mwaka 2014. Basi, kabla hujanunua antena mpya, uliza kama televisheni yako yaweza kuyasoma mawimbi ya dijitali, au kama yahitaji dekoda. Wengi wametupa antena nzima iliyokuwa njema, kumbe kilichokosekana ni kisanduku tu.

Sahani ni habari nyingine. Hiyo hupokea mawimbi kutoka setilaiti, chombo kilichotundikwa angani juu ya mstari wa ikweta, kwenye urefu wa kilomita 35,786. Kwa urefu huo setilaiti huzunguka pamoja na dunia, mara moja kwa siku, hata machoni petu yaonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu sahani ikiisha kuelekezwa sawasawa haina haja ya kuguswa tena.

Sasa, angalieni hesabu hii, enyi wanafunzi. Setilaiti iko mbali kilomita karibu 36,000. Ukiipandisha sahani yako mita tatu juu ya paa, umeikaribia kwa kiasi gani? Si kitu! Sahani haihitaji urefu; yahitaji kuiona mbingu wazi upande ule ilipo setilaiti. Kama uani pana nafasi iliyo wazi, sahani yaweza kusimama uani, mahali ambapo mtu huifikia kwa mkono pasipo ngazi. Jirani yetu aliiweka juu ya paa kwa sababu wengine wote wameweka juu ya paa, wala hapakuwa na sababu nyingine.

Je, mbingu ya upande gani? Goma iko kusini ya ikweta kwa kiasi kisichofika nyuzi mbili. Kwa hiyo setilaiti zetu zimepangwa angani katika mstari utokao mashariki, upitao karibu na utosi wetu, na kushuka magharibi. Tutoe mifano miwili. Nafasi ya nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv imeitumia kwa miaka mingi, kutoka Goma yaonekana juu sana, kiasi cha nyuzi 82 kutoka upeo wa macho, ikielekea mashariki na kaskazini kidogo. Nafasi ya nyuzi 22 magharibi, ambayo Canal+ imeitumia kwa vipindi vyake vya Afrika, iko magharibi kabisa, na urefu wake ni kama nyuzi 31 tu. Jambo la kwanza la kumwuliza fundi, basi, si bei ya sahani, bali ni setilaiti gani na iko upande gani.

Wengine husema mlima Nyiragongo ndio unaowazuilia picha. Mlima huo una mita 3,470, na waweza kweli kuzuia mawimbi ya minara iliyo nyuma yake. Lakini kwa sahani hauna hatia. Ukiutazama kutoka mjini, kilele chake hakifiki nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, na setilaiti tulizozitaja ziko juu zaidi sana, tena haziko upande wa mlima.

Kizuizi cha kweli mara nyingi ni mti wa avoka wa jirani, au ghorofa mpya. Kwa setilaiti ya nyuzi 31 shikeni kanuni hii: mti ukiipita sahani kwa mita tano, sahani ikae mbali nao mita kumi. Tukijua hayo hatutadanganyika. Twamjua baba mmoja aliyeuziwa sahani kubwa zaidi mara mbili kwa sababu picha yake ilikuwa ikipotea kila majira ya mvua. Sahani zote tatu zilikuwa njema. Ni majani ya avoka yaliyokuwa yakinenepa na kulowa mbele yake, na majani yaliyolowa huyameza mawimbi kuliko makavu.

Dira nayo isiaminiwe sana katika mji huu. Mawe yetu ya volkano yana chuma ndani yake, na mabati pia ni chuma. Vyote viwili huivuta sindano ya dira. Liko jua, ambalo halivutwi na kitu. Mnamo tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua letu hupita karibu sana na mstari wa setilaiti. Siku hizo, yapata saa kumi alasiri, jua huwa karibu na mahali pa setilaiti ya nyuzi 22 magharibi. Na yapata saa tano na nusu asubuhi huwa karibu na ile ya nyuzi 36 mashariki. Simama mahali utakapoiweka sahani saa hizo. Ukiona kivuli cha mti au cha ukuta kimekufunika, jua kwamba mahali pale hapafai. Na kwa wale wenye sahani tayari: siku hizo hizo picha yaweza kupotea kwa dakika chache, kwa kuwa joto la jua hufunika sauti ndogo ya setilaiti. Msimwite fundi. Baada ya siku chache hali hiyo hupita.

Kuhusu kuisimamisha, nyumba zetu nyingi ni za mbao, na mbao huyumba kwa upepo. Kusogea kwa nyuzi moja au mbili tu kwatosha kuipoteza setilaiti. Nguzo ya chuma iliyosimikwa katika saruji ni bora kuliko ubao wa ukuta. Mahali ambapo mwamba wa lava haukubali kuchimbwa, watu hujaza saruji katika gurudumu kuukuu la gari au katika pipa lililokatwa, na nguzo ikasimama humo imara. Hakikisheni nguzo imenyoka wima kabla ya kufunga sahani. Kile kichwa kidogo kilicho mbele ya sahani nacho huzungushwa. Karibu na ikweta huenda kikahitaji hata robo ya mzunguko. Kisipozungushwa vema, mwaweza kuona vituo fulani na kuvikosa vingine.

Tena moshi wa volkano zetu huwa na gesi ya salfa, nayo huifanya mvua kuwa na ukali wa asidi. Mmeona jinsi mabati yanavyooza upesi. Viungo vya waya huoza vilevile. Fundi mwema huvifunga viungo kwa utepe usiopenya maji, na kabla waya haujaingia nyumbani huuacha uning'inie kwa kitanzi, ili maji yadondokee nje.

Sasa twarudi kwa mvua iliyomponza jirani yetu. Mawimbi ya sahani nyingi za nyumbani yana urefu wa sentimita mbili na nusu tu, na matone ya mvua nzito huyanyonya. Sahani kubwa kidogo husaidia: ile ya sentimita 90 hukusanya mawimbi mara mbili na robo kuliko ya sentimita 60. Lakini hakuna sahani ya nyumbani ishindayo kila mvua. Fanyeni hivi. Siku ya mbingu safi, fungueni ukurasa wa dekoda unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, mkaandike tarakimu zile mbili katika karatasi. Mvua ikija zitashuka. Ikiisha, ngojeni nusu saa, mkatazame tena. Zikirudi kama mlivyoandika, chombo ni kizima. Zisiporudi, hapo ndipo pa kutazama viungo, waya na nguzo, kesho yake, mchana, pakiwa pakavu.

Lipo jambo kubwa kuliko picha, nalo ni radi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza hesabu ya umeme wa radi iliyokusanywa na setilaiti kwa miaka 16. Mahali pa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, huko Venezuela. Mahali pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini, penye mimuliko zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Sake, iliyo karibu kilomita 25 tu kutoka Goma, imo katika mahali kumi pa kwanza. Twaishi, basi, katika mojawapo ya nchi zenye radi nyingi kuliko zote duniani, nasi twasimamisha nguzo za chuma juu ya nyumba zetu!

Nguzo hapana budi iunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba. Lakini mwamba mkavu wa lava haupitishi umeme vema, na chuma kifupi kilichopigwa katika changarawe hakisaidii. Waya uzikwe kwa urefu wa kutosha katika udongo wenye unyevu, na mafundi huongeza makaa na chumvi kando yake. Hata hivyo, msitegemee hayo peke yake. Mkiona wingu jeusi, chomoeni waya wa umeme na ule wa sahani pia, kabla radi haijakaribia. Mkiisha kusikia ngurumo, msiushike waya wala nguzo. Na mtu awaye yote asipande juu ya paa, hata kama timu yake yakaribia kufunga bao.

Tangu vita vilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025, nyumba nyingi zimepoteza kazi na akiba, na wengi wataka televisheni si kwa mchezo bali kwa habari. Hapana nyumba iliyo na fedha ya kununua sahani mara tatu. Afadhali kununua mara moja, baada ya kuuliza: Setilaiti gani? Mbingu i wazi upande ule? Nguzo itasimama juu ya nini? Waya wa ardhi utazikwa wapi? Fundi asiyeweza kujibu maswali hayo manne, mwachieni sahani yake.

Jirani yetu sasa anatembea, ingawa achechemea. Sahani yake imeshushwa, imesimama uani karibu na ukuta wa mawe, kifuani pa mtu. Binti yake mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, ameandika zile tarakimu mbili katika karatasi na kuibandika kando ya televisheni. Juma lililopita mvua ilinyesha tena wakati wa mpira. Picha ikazimika. Baba yule akachomoa waya, akaagiza chai, akangoja.

Nanyi, wasomaji wetu, ngojeni vivyo hivyo.