Picha ya chozi isigharimu makinda
Na Mwanaisha Kombo

Chozi dume akitua kwenye ua la mgomba uani, kwanza koo lake huonekana jeusi tu. Akigeuza shingo jua likampiga, linawaka kijani, mara zambarau, kisha linazimika. Uwakaji huo hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali na jinsi matabaka yake membamba yanavyorudisha mwanga. Ndiyo maana mpiga picha mzoefu husimama jua likiwa mgongoni mwake, asubuhi kabla halijawa kali, akatega kamera kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde na kungoja. Chozi ana mazoea ya kurudi kwenye maua yale yale.

Hakuna haja ya kusubiri safari ya Serengeti. Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi hujileta wenyewe nyumbani: shore kwenye mpapai, pasa kwenye ua wa michongoma, kurea anayewinda panzi mbali kabisa na maji. Picha ya simu yenye tarehe na mahali, hata ikiwa na ukungu kidogo, ina thamani kwa watafiti. Miradi kama eBird na Kenya Bird Map imejengwa kwa kumbukumbu za watu wa kawaida. Jijini Nairobi, Nature Kenya huwatoa watu matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi.

Tatizo linaanzia kwenye kiota.

Chozi jike hujenga peke yake. Hufuma nyasi na majani makavu kwa utando wa buibui, akatundika kifuko chenye mlango ubavuni, mara nyingi karibu kabisa na baraza la nyumba. Hapo ndipo mwenye kamera, kwa tamaa ya kupata midomo wazi ya makinda, hukata vijitawi vinavyomziba. Vijitawi hivyo ndivyo vilivyokuwa kivuli na maficho. Makinda hawana manyoya bado. Jua la saa sita linatosha kuwaua.

Jua lisipowamaliza, yupo kunguru. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea hadi Dar es Salaam, Mombasa na Malindi, akila mayai na makinda ya ndege wengine. Kero yake imekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Ndege mwerevu kama kunguru hahitaji kuonyeshwa mara mbili tawi lililofyekwa.

Kucheza sauti ya ndege kwenye simu mfululizo nako kuna madhara: dume huacha kula akahangaika kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.

Waandaaji wa mashindano ya picha wangefanya jambo kubwa wakikataa picha za viota. Mzazi akiwa mauani hutoa picha nzuri zaidi. Na kiota kikiwa barazani pasipo njia ya kukiepuka, jike mwenyewe hutoa ishara: akirukaruka tawi la pembeni na buibui mdomoni bila kuingia, mwenye kamera yuko karibu mno, na inampasa arudi nyuma mpaka jike aingie kulisha.