Saa Iandikayo Wakati na Waandishi Wasiofuta

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mwezi uliopita alitujia madrasani, baina ya Alasiri na Magharibi, mmoja katika ndugu zetu wafanyabiashara aliyekuwa amerejea kutoka Dubai. Ni mtu ambaye mkono wake haurudi nyuma linapoitishwa jambo la kheri, na paa tunalosomeshea chini yake yeye ni miongoni mwa waliolichangia. Baada ya salamu alikunja mkono wa kanzu, akavua saa yake mpya, akaiweka kiganjani mwetu na kusema: "Ustadhi, itazame vizuri, kisha niambie haki. Niivae au nisiivae?"

Swali hili si jepesi kwa mwalimu. Anapoulizwa na mtu anayemsaidia, ulimi wake una njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni kulainisha hukumu ili msaidizi asiudhike. Ya pili ni kukaza kuliko ilivyokaza sharia, ili waliokaa pembeni waseme kuwa mwalimu huyu hawaogopi matajiri. Zote mbili ni khiyana. Kwa hiyo tumeona tuandike tulichokiona, tulichomjibu, na lililotupata baada ya jibu.

Saa yenyewe ni Rolex Cosmograph Daytona, toleo lililotoka mwaka 2023 katika kutimia miaka 60 tangu saa za jina hilo zianze mwaka 1963. Jina limetokana na Daytona, Florida, huko Marekani, penye mashindano ya magari. Ni ya chuma kisichoshika kutu, na upana wake ni milimita 40. Usoni mna duara tatu ndogo: moja ya sekunde za saa ya kawaida, moja ya kuhesabu dakika 30, na moja ya kuhesabu saa 12. Ukingo wake umechorwa tarakimu hadi 400 za kupimia mwendo wa gari kwa saa. Haina betri, bali hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, na ikivuliwa huendelea kwenda kwa muda wa saa 72 hivi. Pembeni ina vitufe viwili ambavyo sharti vifunguliwe kwa kuzungushwa ndipo vibonyezwe. Cha juu huuanzisha na kuusimamisha mshale wa kupimia, na cha chini huurudisha kwenye sifuri. Mshale huo hukata sekunde moja mafungu manane.

Tuseme kweli: ilitupendeza. Hatukuona ndani yake kazi ya ovyo, na kupenda kilicho kizuri si dhambi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Saa ya namna hii huitwa kronografu, neno la Kiyunani lenye maana ya "mwandishi wa wakati". Sababu ya jina ni kwamba mwaka 1821, katika mashindano ya farasi mjini Paris, fundi wa Kifaransa Nicolas Rieussec alitumia chombo kilichodondosha wino usoni mwake kila farasi alipofika, wakati ukabaki umeandikwa. Mwaka 1844 fundi mwingine, Adolphe Nicole, alisajili ubunifu wa kipande chenye umbo la moyo kinachourudisha mshale kwenye sifuri kwa kubonyeza mara moja. Tangu hapo mwandishi huyu akapata uwezo wa kufuta alichokiandika.

Wala asije mtu akasema kuwa kupima wakati ni jambo la wageni lisilotuhusu. Misikiti yetu mikubwa ya zamani ilikuwa na muwaqqit, mwanachuoni aliyewekwa kwa kazi ya kuhesabu nyakati za sala. Ibn al-Shatir alishika kazi hiyo katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, na mwaka 1371 aliutengenezea mnara wake saa kubwa ya jua. Wale walipima ili waja wasimame mbele ya Mola wao kwa wakati. Tofauti yao nasi haimo katika chombo, imo katika makusudio.

Tulimjibu ndugu yetu kwa mambo matatu.

La kwanza ni hukumu ya kitu chenyewe. Asili ya vitu ni halali, na chuma hakikuharamishwa. Kilichoharamishwa kwa wanaume wa umma huu ni kuvaa dhahabu na hariri. Hapa watu wengi hutelezeshwa na maneno "dhahabu nyeupe". Katika Kiarabu wapo wanaoiita platini kwa jina hilo, na platini si dhahabu. Lakini dhahabu nyeupe ya masonara ni dhahabu halisi iliyochanganywa na madini mengine hadi ikapoteza rangi yake. Ile ya karati 18 robo tatu yake ni dhahabu tupu. Zipo Daytona za dhahabu nzima, ya njano na nyeupe, na hizo mwanamume hazivai, wala kubadilika kwa rangi hakubadilishi hukumu. Hata hii ya chuma, alama za saa zilizo usoni mwake zimetiwa dhahabu. Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya dhahabu chache inayofuata kitu kingine, na madhehebu ya Imamu Shafi yamekaza. Mwenye kujiepusha na shubha ameilinda dini yake.

La pili ni israfu. Saa hii ilipotoka, bei yake rasmi huko Marekani ilikuwa takriban dola 15,000. Hatukumwambia kuwa fedha hiyo ingejenga madarasa mangapi, kwa kuwa mali ni yake na sisi si washirika wake. Tulimwuliza maswali: Zaka ya biashara umeitoa? Madeni ya watu umeyalipa? Vijana wanaopakua mizigo yako wamepata ujira wao kwa ukamilifu na kwa wakati? Katika swali la tatu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo, Ustadhi, nitalitazama." Tukamwambia: basi jibu la saa yako limo humo. Mwenye haki za watu mkononi hana nafasi ya kuvalia pambo mkono huo huo.

La tatu ni athari yake kwa wanaotazama. Wanafunzi wetu walikwisha kutuzunguka, na mmoja akataja mahali zinapouzwa za bandia zenye jina lile lile. Tukawakumbusha kuwa mwenye kujipamba kwa asichokuwa nacho, Mtume (S.A.W.) amemfananisha na aliyevaa nguo mbili za uongo. Tukawasimulia pia kuwa mwaka 2017, mjini New York, Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 17. Nyuma yake mkewe alikuwa amemwandikia maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Newman mwenyewe alifariki mwaka 2008. Saa imebaki na thamani, na mkono ulioivaa haupo tena.

Tuliridhika na maneno yetu, na adhana ikatukuta katika kuridhika huko.

Baada ya faradhi ya Magharibi tulisimama kusali rakaa mbili za sunna. Tulipotoa salamu tulimwona ndugu yetu ameinama juu ya saa yake, uso umejaa haya. Alisema kwa sauti ya chini: "Nisamehe, Ustadhi. Nilitaka kukijaribu kitufe tu. Ulipofunga sala nilikibonyeza, na ulipotoa salamu nikakibonyeza tena." Mishale ilionyesha dakika moja na sekunde ishirini na tatu.

Hatukuwa na la kumjibu. Ndani ya muda huo eti tumesoma Fatiha mara mbili na sura mbili, tumerukuu mara mbili, tumesujudu mara nne, na kusoma tahiyatu na kumsalia Mtume. Kila siku tunawaonya watoto wasidonoe sala kama kunguru, na saa tuliyoitolea mawaidha imetuandika sisi miongoni mwa wadonoaji. Yeye aliulizwa haki za vibarua wake, nasi tukaulizwa haki ya Mola wetu.

Akabonyeza kitufe cha chini, mishale ikarudi kwenye sifuri. Alidhani ametusitiri, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake. Lakini kuliani na kushotoni mwetu wako waandishi watukufu ambao hawakuhitaji kitufe kuanza kuandika, na kalamu zao hazifutwi kwa kidole. Kinachofuta ni toba, na toba hufuta dhambi bila kuurudisha wakati. Dakika zile zimekwenda, na hakuna fundi wa Geneva anayeweza kuzitengeneza. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu ameapa kwa Zama, akatubainishia kuwa mwanadamu yumo hasarani isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira.

Nasaha yetu, kwa nafsi zetu kwanza, ni hii: mwenye saa ya thamani na asiye na saa kabisa wote wamepewa siku yenye saa 24. Kabla ya kuuliza niivae au nisiivae, na tuulize imenikuta nikifanya nini. Ndugu yetu aliondoka baada ya Isha, na wiki ile ile tulisikia kuwa vibarua wake wamelipwa malimbikizo yao. Nasi tangu siku ile tunajitahidi kutulia katika rukuu na sijida. Bado hatujafika tunapotakiwa.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika nyakati zetu, utusamehe tuliyoyapoteza, na uzifanye amali zetu za mwisho kuwa ndizo bora zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.