Mama Ndiye wa Kwanza Kujua



Tulialikwa kutoa mawaidha kwa kina mama wa Kawangware 46, jijini Nairobi. Baada ya swala ya alasiri, mama mmoja alitusogelea akauliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, nikimwona mwanangu amebadilika, kusema ni kumwokoa au ni kumuuza?"

Mwaka 1998, uliporipuliwa ubalozi wa Marekani jijini humo na kuua watu zaidi ya 200, wapelelezi walimsaka mgeni: pasipoti yake, nyumba aliyopanga, gari alilopakia baruti. Mwaka 1999 idara ya ujasusi ikatengwa na polisi. Lakini adui naye alibadilika. Katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, 2015, mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Babake alikuwa amekwisha kuiarifu serikali kwamba kijana ametoweka.

Dola ilikuwa imekwisha kugeukia mitaa kwa Nyumba Kumi, kisha ikatangaza msamaha kwa vijana watakaorejea, na mwaka 2016 ikatoa mkakati wa kuzuia itikadi kali. Habari iliyotafutwa mpakani sasa imo chumbani, ndani ya simu iliyo chini ya mto.

Suratul Hujurat inatuamuru kuhakikisha habari, na inatukataza dhana mbaya na kupelelezana. Basi kumchongea jirani kwa ndevu zake au kwa buibui la mkewe ni dhambi. Ama kumzuia mtu asiue, hilo ni kuhifadhi nafsi.

Hata hivyo, hofu ya mama yule si ukaidi. Wapo vijana wetu waliochukuliwa usiku, na wazazi wao hawajapata jibu hadi leo. Dola inayofanya hivyo huziba kwa mkono wake kisima inachotaka kuchotea.

Tulimjibu hivi: Keti naye kwanza, umsikilize. Kazi ya mbali asiyoweza kuieleza, iulizie. Mshirikishe mjomba au imamu. Ukiona safari imeiva, usingoje. Nenda kwa chifu pamoja na mzee na wakili, uandike jina la aliyekupokea na tarehe. Huko si kumuuza mwana, ni kumshika mkono ukingoni mwa shimo.

Allah awahifadhi watoto wetu. Wabillahi tawfiq.