Nyumba nzuri ya pwani, lakini mabega yalikuwa ya nani?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaotwanga mawe Misisi na Lubichako, leo hatutaongea bei ya gramu. Tutaongea nyumba: yale majumba makubwa ya zamani yanayotazama bahari, ambayo matajiri wanayanunua ao wanayakodi kwa miaka mingi, wanayatengeneza, kisha yanakuwa hoteli. Mutatuuliza: sendika ya wachimbaji inatafuta nini ku nyumba za pwani? Tunajibu: ukifuata njia ya mali iliyojenga baadhi ya yale majumba, utafika hapa kwetu.

Tuchukue Zanzibar, mtaa wa Shangani, katika Mji Mkongwe. Kuko nyumba mbili ambazo kila mgeni anaonyeshwa.

Ya kwanza inaitwa Mambo Msiige. Ilijengwa karibu mwaka 1850 na Mwarabu tajiri, mbele ya bahari kabisa. Wenyeji wanasimulia kama udongo wa kuta zake ulichanganywa na mayai maelfu na maelfu ili ushike vizuri. Baadaye ilipita mikononi mwa wamisionari Waingereza, kisha konsula wa Uingereza, kisha serikali. Siku hizi zetu ikapewa mwekezaji, na tangu 2015 ni hoteli ya Park Hyatt. UNESCO, ambayo iliandika Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, ililalamika ju ya jengo jipya lililosimamishwa pembeni yake. Lakini hoteli ilifunguliwa, na wageni wanalala.

Ya pili haikupata bahati ile. Ni nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip. Mlango wake ni wa mbao ya kuchongwa, ngazi zake ni za marumaru. Kisha mapinduzi ya 1964 ilikatwakatwa vyumba, familia nyingi zikaingia, na kuta zikachakaa. Anayependa nyumba za zamani akipita pale anasema mara moja: hii ikipata mwenye pesa, itarudi kuwa jumba.

Sasa tuulize swali ambalo muuzaji wa nyumba haulizi. Marumaru ile ililipwa na nini?

Wazee wa Maniema na wa Fizi wanajua jibu. Tippu Tip alikaa Kasongo, akakusanya pembe za tembo na watu. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, kule Kisangani. Pembe zilitoka Kasongo, zikapita Kabambare, zikateremka mpaka ziwa Tanganyika, zikavuka kwa mashua kwenda Ujiji. Kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ni karibu kilomita 1,200 kwa miguu. Kisha jahazi, kisha Zanzibar. Kutoka pale pembe zilienda Ulaya na Marekani kufanywa vibao vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu. Kule Marekani kuko mpaka leo kijiji kinachoitwa Ivoryton, jina la pembe, ju viwanda vyake viliishi kwa pembe hizo.

Wandugu, Kabambare tunaijua. Wengi wetu tumepita pale na mfuko mgongoni kwenda kutafuta maisha Salamabila. Ni njia ile ile. Pembe ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Pembe kubwa ilizidi frasila mbili, na mtu mmoja aliibeba begani, wengine wakiwa na mnyororo shingoni. Waliofika Ujiji walihesabiwa. Walioanguka njiani hakuna aliyewaandika. Tippu Tip mwenyewe aliacha kitabu cha maisha yake, tena kwa Kiswahili. Yule aliyebeba pembe hakuacha hata jina.

Kuna watu watasema: hayo ni ya zamani, acheni nyumba nzuri itengenezwe. Hatukatai itengenezwe. Nyumba ya zamani ikiachwa inaua. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa 1883 mbele ya bahari pale pale Zanzibar, ulianguka wakati matengenezo yanaendelea, na watu wawili wakafa. Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, mvua iliangusha mashimo Kamituga, na wandugu zetu karibu 50 walifunikwa. Sisi tunajua ukuta kuanguka ni nini. Fundi anayepanda ukuta mbovu na mchimbaji anayeingia shimo bila miti ya kushikilia ni watu wa kazi moja. Basi mbele ya kutengeneza nyumba, mlinde anayeitengeneza. Na nyumba ikiisha kupakwa rangi, muandike ku mlango wake nani aliibeba, sio tu nani aliilala.

Lakini shida yetu kubwa haiko Shangani. Iko hapa, ju ile hadithi inarudiwa mbele ya macho yetu, na safari hii mzigo ni dhahabu.

Dhahabu ya Fizi ni nyepesi kuliko pembe. Inaingia mfukoni, inavuka ziwa usiku, inafika Bujumbura, na mwisho wa safari ni Dubai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi jinsi dhahabu ya mashariki ya Kongo inavyotoka bila karatasi. Kule inakofika inajenga magorofa yanayotazama bahari. Huku inakotoka, angalia Misisi: nyumba za miti na udongo, nyingine za shitingi. Angalia Baraka: mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia nyumba za watu Baraka, Uvira na Kalemie. Nyumba zetu za kando ya maji hakuna anayekuja kuzinunua. Ziwa ndilo linazichukua.

Sheria iko. Kodi ya mines ya tarehe 9 Machi 2018 inasema kampuni inayochimba dhahabu inalipa redevansi ya 3.5 kwa mia. Katika pesa hiyo, 15 kwa mia ni za sekta ao mji ambako mgodi uko. Tena kampuni inatenga angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Tuhesabu pamoja. Dhahabu ya dolari 1,000,000 inazaa redevansi ya dolari 35,000. Sehemu ya wenyeji ni 5,250. Ongeza 3,000 za maendeleo, inakuwa 8,250. Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Lakini ni mabati ya shule, ni kitanda cha maternite. Na kama hatuulizi, hata hicho kidogo hatutakiona.

Njo maana tunaomba mambo matatu. Kwa wakubwa wa sekta na wa mji: kila mwaka mubandike ku mlango wa biro yenu pesa za mines zilizoingia na kazi zilizofanya, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Kwa kooperative: mukate kidogo ku kila mauzo, muweke sanduku la miti ya mashimo na la wajane. Na kwa ninyi maPDG wa mashimo na wanegosia, wandugu zetu wa damu: tunajua munajenga ngambo, ju ya vita na hofu. Hatuwalaumu kwa kuogopa. Lakini dhahabu inayovuka usiku hailipi mwalimu wa Lubichako hata siku moja. Mbele ya gorofa ya kule, muache darasa moja la matofali ya kuchoma hapa.

Watoto wetu wasije siku moja kulipa tikiti kuangalia nyumba nzuri ya ngambo, na kusikia kama iliyoijenga ni dhahabu ya Misisi. Wale wa Shangani waliita nyumba yao Mambo Msiige. Kwa jambo hili moja, wandugu, tuwasikilize: tusiige.