VITABU NA SINEMA: Mwezi Mmoja Huko Mahoo

Mahoo, karibu na mji wa Taveta, ni mahali pa migomba na mifereji ya maji, na siku za soko wengi hawana nafasi ya kufikiri jambo lingine ila bei ya ndizi na nyanya. Hata hivyo wapenda kusoma hawakosekani. Wala si ajabu, maana kazi ya kupiga chapa si ngeni upande huo: wamisionari wa C.M.S. walianza kutoa gazeti lao huko Taveta mwaka 1895, jina lake Taveta Chronicle, kabla ya reli kufika Nairobi, nalo likaendelea mpaka mwaka 1901.

Karani mmoja wa huko aliazimu mwezi uliopita kusoma vitabu na kutazama sinema zinazohusu nchi ile anayoikanyaga kila siku. Alitaka kujua watu wa mbali wamesema nini juu ya Tsavo, Salaita na Kilimanjaro.

Alianza na kitabu cha J. H. Patterson, The Man-Eaters of Tsavo, kilichotolewa London mwaka 1907. Patterson alikuwa injinia, akafika Tsavo mwezi wa Machi, 1898, kujenga daraja la reli. Simba madume wawili, wasio na manyoya marefu shingoni, wakawa wakiingia kambini usiku na kuwakokota watu kutoka hemani. Kazi ikasimama, na vibarua wengi wakajitupa ndani ya gari la moshi wakakimbilia pwani. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, na wa pili kabla ya mwaka kwisha. Bwana Patterson ni msimuliaji hodari kweli kweli. Sura zile za kungoja juu ya dungu gizani, huku mnyama akizunguka chini, ni za kumfanya msomaji aache chai ipoe.

Lakini iko hesabu moja ndani ya kitabu hicho ambayo karani, mtu wa madaftari, aliisoma mara tatu. Patterson asema walioliwa ni vibarua wa Kihindi 28, na zaidi ya hao makumi ya Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa. Mhindi aliyekufa aliandikwa. Mwafrika aliyekufa kando ya reli ile ile hakuandikwa. Ngozi za simba wenyewe hazikupotea. Mwaka 1924 Patterson aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000, nao simba wakatengenezwa kama hai, wako huko hata leo. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na nywele zao wapate kujua walikula nini, wakakadiria kwamba watu walioliwa ni kama 35. Hiyo ni kadiri tu, na mifupa haitaji jina la mtu.

Juma la pili lilikuwa la sinema. Ya kwanza ni Bwana Devil, iliyotolewa Marekani mwaka 1952, ambayo watazamaji wake walivaa miwani maalum ili simba waonekane kama wanaruka kutoka ukutani. Bila miwani hiyo haina mengi ya kumfaa mtu. Ya pili, The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996, ni bora zaidi, na majirani wengi walikusanyika kuitazama. Val Kilmer amekuwa Patterson, na Michael Douglas amekuwa mwindaji aitwaye Remington, mtu ambaye hakupata kuwako. Picha zilipigwa Afrika Kusini, si Tsavo. Simba wake wana manyoya tele shingoni, na vijana waliopata kuwaona simba wa Tsavo kwa macho yao walicheka sana.

Ilipokwisha, ajuza mmoja aliyekuwa ameketi mkekani aliuliza, "Mwanangu, hawa wa kwetu walioliwa, waliitwa nani?"

Karani akajibu, "Bibi, hawakuandikwa."

"Basi mbona simba wamepewa majina?"

Hapana aliyemjibu. Katika sinema ile ni kweli, kila simba ana jina lake, na ndilo jina la sinema yenyewe.

The Snows of Kilimanjaro, ya mwaka 1952, haikumchukua muda. Mlima ule auona kila asubuhi mawingu yakiondoka. Hadithi ya Hemingway, iliyotoka mwaka 1936, mgonjwa wake hufa. Wenye sinema wamemponya. Karani aona Hemingway ndiye aliyefanya haki.

Kitabu kilichomkalia moyoni ni An Ice-Cream War cha William Boyd, Mwingereza aliyezaliwa Accra. Kilitoka mwaka 1982, nacho chasimulia habari za Mmarekani mwenye shamba la mkonge karibu na Taveta, aliyenyang'anywa mashine yake ya kuchakata mkonge vita vilipozuka. Hadithi ni ya kubuni, lakini vita vilikuwa vya kweli. Wadachi waliiteka Taveta mwezi wa Agosti, 1914. Tarehe 12 Februari, 1916, askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma vibaya, na waliowaokoa ni Wahindi wa kikosi cha 130 Baluchis, ambao wao wenyewe walikuwa wamewadharau. Mwezi uliofuata Waingereza waliipata Taveta tena, yakafuata mapigano makali ya Latema na Reata.

Jumamosi moja karani alipanda gari akashuka Salaita, kando ya njia ya Voi, kitabu mkononi. Kilima ni kidogo kuliko mtu adhaniavyo akisoma. Alichokitafuta kitabuni asikipate ni wachukuzi. Boyd ameandika vizuri juu ya upumbavu wa vita, lakini watu wake wakubwa karibu wote ni Wazungu. Wale waliobeba risasi na unga vichwani hupita kwa mbali. Hata Nairobi, sanamu iliyosimamishwa mwaka 1928 yamwonyesha mchukuzi pamoja na askari, ila majina hayapo.

Siku za mwisho wa mwezi alijiburudisha kwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla wa Unguja, kilichopata ushindi katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikapigwa chapa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake hawahusiani na Tsavo hata kidogo. Karani asema alikihitaji, na amekwisha kumwazima jirani.

Yule ajuza naye amekuja tena. Alimtajia karani jina la babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vile, na mahali alikotoka, na jinsi alivyorudi na mguu mbovu. Karani aliyaandika hayo nyuma ya daftari lake, pamoja na tarehe. Mzee mwingine wa huko huko amemwahidi majina mawili siku ya soko.